Tupeane uzoefu: uliwahi kuchezea namna ya kuingia kwenye kompyuta ya kazini, yakakukuta yapi?

Karani wa Bohari

Wakuu habari za jioni. Nipo kitengo cha hesabu, bohari moja hapa Dar, na kuna jambo linanikera mpaka nimeamua nililete kwenu. Mwezi uliopita tuliletewa kompyuta mpya. Nyepesi, haziungurumi kama zile za zamani. Tatizo ukiiacha dakika tatu hujaigusa, inajifunga. Na kazi yangu ni kusoma hati za kupokelea mzigo moja moja, nikimaliza rundo ndiyo naingiza. Nikigeukia faili, nikirudi kioo kinadai paswedi. Paswedi yenyewe lazima iwe na herufi 14, kubwa, ndogo, tarakimu na alama. Kuna siku nilichora mistari kwenye karatasi kama mtu anayehesabu magunia: mara 31 kabla ya saa kumi.

Nikaingia kwenye mipangilio nibadilishe mwenyewe. Kila ninapotaka kubonyeza pamefifia, na juu pameandikwa kwamba baadhi ya mipangilio inasimamiwa na taasisi. Jirani yangu wa meza akanipa ujanja: vua saa yako ya mishale, ilaze mezani, weka kipanya juu ya kioo chake. Mshale wa sekunde ukipita chini ya taa ya kipanya, kompyuta inadhani kuna mtu anasogeza. Haifungi ng'o.

Siku nne nikala raha. Ya tano natoka kuswali adhuhuri, naona watu wananipa mikono. Kumbe kuna mtu amekaa kwenye kiti changu akaandika kwenye kundi la ofisi, kwa jina langu, kwamba leo supu na chapati ziko juu yangu. Mama wa supu alishapakua sahani 17.

Haya, nani mwingine? Na mwenye njia halali ya kupunguza hii adha aiseme.

Mbanguaji

Pole kaka, ila nimecheka hiyo saa.

Mimi nipo Mtwara. Ofisini kwetu walitutoa kwenye paswedi wakatuweka kwenye kidole. Nilishukuru kwa kweli, unagusa tu umeingia. Sasa ukafika msimu wa korosho. Mwisho wa wiki nabangua zangu nyumbani, za kula na za kumuuzia shoga yangu wa Masasi. Wanaobangua kwa mkono wanajua, yale mafuta ya ganda yanachoma, usipojikinga vizuri ngozi ya vidole inababuka kama ya nyoka.

Jumatatu naweka kidole: hapana. Cha pili: hapana. Inaniambia nijaribu kidole kingine, na mimi vyote ni vidole vya korosho vilevile! Ikaniletea sehemu ya kuandika namba ya siri. Namba hiyo niliiweka siku ya kwanza, karibu mwaka mzima nyuma, sikuwahi kuigusa tena. Nilikaa na mtu wa IT kwenye simu saa nzima na nusu, yeye yuko Dar, mimi nasoma kilichoandikwa kwenye kioo neno kwa neno kama mtoto wa darasa la pili.

Siku hizi nimesajili na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Hicho hakibangui kitu.

Fundi Waya

Mimi ndiyo hao mnaowaita watu wa IT, kwa hiyo msinipige mawe.

Mbanguaji, hiyo namba ya siri inawekwa kwa makusudi. Ukitumia Windows, hupewi kidole wala sura mpaka uwe na namba kwanza, maana kidole kinaweza kukukatalia siku yoyote, kama ulivyoona. Watu huniuliza: mbona paswedi mnataka herufi 14, halafu namba mnaturuhusu tarakimu sita tu? Si hatari zaidi? Fikirieni kadi ya benki. Namba yake ina tarakimu nne, lakini mwizi akiijua bila kuwa na kadi, ataipeleka wapi? Hii nayo ni hivyohivyo. Inaishi ndani ya kompyuta ile moja, haisafiri. Paswedi yako mtu anaweza kuitumia akiwa Mbeya akafungua barua pepe zako. Namba hiyo ni mpaka aje akalie kiti chako, na akikosea mara nyingi mashine inamgomea.

Kwa hiyo Karani, usishindane na dakika tatu. Omba uwekewe namba au kidole. Kwenye mipangilio, palipoandikwa Sign-in options (njia za kuingia) ndiyo pa kuangalia. Pakiwa pamefifia, kasema aliyefunga, mfuate yeye.

Sisi wenyewe tuna makosa, nakiri. Kile cha kulazimisha watu wabadili paswedi kila baada ya muda fulani, hata kila mwezi, Microsoft wenyewe walikiondoa kwenye mapendekezo yao mwaka 2019, na maofisi mengi bado wamekikumbatia. Matokeo yake mtu anaandika Januari2025, mwezi unaofuata Februari2025. Ukijua ya mwezi mmoja umejua ya mwaka.

Dereva wa Dawati

Nyie mnalialia, kompyuta yangu ya ofisini ni ya mwaka 2012, haina paswedi na hakuna anayeitaka. Hata mwizi aliingia akachukua feni akaiacha.

Kilindini

😂😂 Dereva wacha weee.

Mie niko Mombasa, ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Bosi alikuja na maarifa mapya: simu yako unaiunganisha na kompyuta kwa Bluetooth, ukiondoka na simu mfukoni, kama dakika moja hivi kompyuta inajifunga yenyewe. Sote tukapiga makofi. Wiki ya kwanza mambo yalikwenda murua, mtu akenda zake kununua mahamri, akirudi kioo kimefungwa.

Tatizo mie simu yangu betri imekufa, yataka chaja saa zote. Kwa hivyo simu ikashinda mezani, imechomekwa, na mimi niko zangu nje nala viazi karai. Kompyuta yajua bwana yuko, kumbe bwana yuko kona ya pili. Siku bosi alipopita akaniuliza, "Wewe na simu yako, nani mwajiriwa?"

Na kwa asiyejua, hii yafunga tu, haifungui. Ukirudi waandika namba kama kawaida.

Mwenye Faili

Nisamehewe, yangu haichekeshi.

Nilifanya kazi mapokezi ya kituo kimoja cha afya, mkoa siusemi. Kompyuta moja, watu watatu kwa zamu, akaunti moja. Kila tukibadilishana, mmoja kasahau paswedi, mgonjwa amesimama mbele yako anatetemeka homa. Tukamwomba kijana mmoja anayejua mambo akatuondolea kabisa. Ukiwasha imewaka, ukiondoka inakusubiri wazi. Hatukumwuliza mtu yeyote ruhusa. Tulijiona tumewasaidia wagonjwa, na kwa kweli foleni ilipungua.

Kilichotokea ni kidogo sana ukikisikia. Jioni alikuja baba mmoja kumlipia mama yake. Alinipa noti ya elfu kumi, sina chenji, nikaenda dirisha la dawa kuomba. Dakika mbili, pengine tatu. Kioo kilikuwa kimeelekea upande wake kidogo, kwa sababu meza ilikuwa imebanwa na ukuta, na juu yake palikuwa na orodha ya watu wa kliniki ya siku inayofuata. Mnajua ni kliniki gani, sihitaji kuitaja. Hakugusa kitu yule baba. Alisoma tu. Na kwenye orodha ile lilikuwemo jina la jirani yake.

Wiki mbili baadaye yule dada akaja kuomba uhamisho. Hakulia wala kunitukana. Alisema tu, "Dada, mtaani wanajua." Alihamia kituo cha mbali, akawa anapanda gari mbili kwenda kuchukua dawa ambazo kwetu alikuwa anatembea kwa miguu.

Tukaja kufanyiwa semina ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ile ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Mkufunzi anasema habari za afya za mtu zinalindwa kuliko taarifa za kawaida, wenzangu wanaandika kwenye madaftari, mimi naangalia dirishani.

Nilipo sasa kila mmoja ana akaunti yake, na kioo kimegeuziwa ukuta. Mkono wangu wa kushoto unabonyeza kitufe cha nembo ya Windows na wa kulia L kabla sijanyanyuka, hata nikiwa peke yangu chumbani. Nyumbani pia nafanya hivyo, mume wangu ananishangaa.

Mbanguaji

Pole sana dada. Sina la kuongeza.

Mgeni wa Arusha

Niwape ya kwangu nyepesi tupumue kidogo.

Ofisi ya utalii, tulinunua mashine zilizotumika kutoka Uingereza. Kabla hazijafungwa vizuri nikaweka paswedi yangu, ndani yake ina @. Ikakubali, nikafanya kazi siku nzima. Fundi akaja jioni akarekebisha lugha ya kibodi ifanane na maandishi ya vitufe. Asubuhi naandika paswedi: siyo. Naandika polepole: siyo. Nazima, nawasha, naomba dua: siyo. Nikaanza kumshuku mwenzangu tuliyegombana naye juu ya gari la Ngorongoro.

Akaja mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, ana siku tatu ofisini. Akabonyeza kile kijicho pembeni ya sehemu ya kuandikia, nukta zikageuka maandishi. Pale nilipozoea kubonyeza kupata @ pametokea alama ya kunukuu! Kibodi za Kiingereza cha Uingereza zimebadilishana hizo mbili na za Marekani. Akabadili lugha pale chini kona ya kulia, nikaingia.

Nilimnunulia soda. Mwenzangu wa Ngorongoro bado sijamwomba radhi, maana hakujua kama nilimshuku.

Ufunguo Ndani

Yangu fupi. Mpakato wa kazini, fundi aligusa kitu kwenye mipangilio ya kuwakia. Kuwasha, inataka ufunguo wa BitLocker, ile inayofunga diski ya Windows kwa siri, tarakimu 48. Ufunguo nilikuwa nimeuhifadhi vizuri sana. Kwenye faili. Ndani ya mpakato huohuo.

Fundi Waya

Ufunguo Ndani, wewe ndiye sababu mimi nina mvi. Uliza ofisini kwako, mara nyingi nakala ipo kwa msimamizi wa akaunti za kampuni. Usikubali wakufutie kila kitu kabla hajaangalia.

Ufunguo Ndani

Ilikuwepo, mkuu. Nilijua baada ya kufutiwa.

Bibi wa Unguja

Na mie niseme langu. Walituwekea kuingia kwa sura. Mimi navaa nikabu, na meza yangu iko ukumbini kwenye watu. Kila kikijifunga nifunue uso kwa ajili ya kompyuta? Nikamfuata mkubwa wetu, nikamweleza kwa adabu. Kumbe ile namba ya siri ilikuwepo tangu mwanzo, chini ya kioo kuna kialama kidogo cha kuchagua, hakuna aliyenionesha. Wiki tatu nilikuwa nakwenda kujifungulia kompyuta nyuma ya kabati la mafaili.

Karani wa Bohari

Wakuu nimerudi. Leo nimekwenda kwa watu wa IT na maneno ya Fundi Waya kichwani, ile habari ya kadi ya benki nimeimwaga yote. Jamaa akacheka, akasema tungeuliza tangu mwezi uliopita. Dakika tatu amekataa kuzigusa, eti hizo zinatoka makao makuu. Ila nimewekewa namba ya tarakimu sita na vidole viwili, kimoja kila mkono, kwa heshima ya Mbanguaji. Leo imejifunga mara 26, na sikukasirika hata mara moja.

Saa nimeivaa. Kioo chake kina mkwaruzo wa kipanya.

Deni la supu nimebakiza sahani tano. Mama wa supu ananisalimia sasa kwa jina, na aliyeandika ule ujumbe bado hajajitokeza, ingawa jirani yangu wa meza siku ile alikula sahani mbili.