Mrejesho: mzigo bandia wa omu 50 umekamilika

Wenzangu, niliwauliza jinsi ya kupima nguvu ya transmita yangu ndogo ya megahezi 7 bila kununua mita ya wati. Mkaniambia nijenge mzigo bandia, yaani rezista zinazopokea nguvu ya transmita badala ya antena. Nimeujenga, na unafanya kazi vizuri sana.

Nimelehemu rezista 20 za omu 1,000, kila moja ya wati 2, sambamba kati ya vipande viwili vya shaba. Jumla ni omu 50, wati 40. Fundi wa redio hapa Kondele alinipa kwanza zile za waya, nikazikataa. Waya uliozungushwa hugeuka koili kwenye masafa ya redio, na 50 yako haiwi 50 tena, ingawa multimita haitakuonyesha tofauti yoyote. Chukueni za kaboni au za filamu ya metali.

Kupima ni dayodi ya 1N4148 na kapasita ya nanofaradi 10, ambazo hutoa volti ya kilele. Nilisoma 21.8. Ongeza 0.6 inayoliwa na dayodi, upate 22.4, zidisha kwa yenyewe, gawa kwa 100 (mara mbili ya omu 50): wati 5! Nilifurahi mno. Ukivuka wati 10 hivi, tafuta dayodi inayostahimili volti kubwa zaidi za kinyume.

Sasa naanza kifaa cha kupimia nguvu inayorudi kutoka kwenye antena. Mwenye toroidi (pete ndogo za feriti za kuzungushia waya) za FT37-43, Kisumu au Nakuru, tafadhali anijuze bei.