Naomba ushauri: servo inatetemeka ikiwa katikati

Wakuu habari za muda huu. Niko Moshi, nina ndege ya rimoti ya foamu. Servo (kale kamota kanakosogeza usukani) ya mkiani imeanza kutetemeka, nikanunua testa ndogo ya mkononi ya kujaribia servo, ile yenye kitufe cha kuzungusha na hali tatu: kuendesha kwa mkono, kurudi katikati na kujiendesha yenyewe.

Nikiiweka katikati, yaani urefu wa mpigo wa ishara ni mikrosekunde 1500, servo inanguruma na kamkono kake kanachezacheza. Nikizungusha taratibu kuelekea 1000 inatulia, kuelekea 2000 pia. Nyaya ziko sawa: kahawia hasi, nyekundu chanya, ya chungwa ishara. Umeme ni betri nne ndogo, zile za rimoti ya TV (siziamini sana hizi za maduka ya mtaani). Ila servo nyingine nikiichomeka palepale imetulia tuli.

Je, ni potenshiometa ya ndani (ile inayoiambia servo mkono wake uko wapi) imelika pale katikati inaposhinda muda mwingi, au bado nishuku umeme? Na inasafishika kwa spiriti, au ninunue servo mpya? Fundi redio wa hapa anasema inasafishika, lakini servo hajawahi kuifungua. Aliyewahi kufungua anisaidie, Jumamosi nataka kurusha.