Menyu ya kuonja Edinburgh mwishoni mwa Agosti, mama mkwe hali nguruwe wala pombe

Mdau wa Ilala
Wakuu, habari za jioni. Mwishoni mwa Agosti tutakuwa Edinburgh, mimi, mke wangu na mama mkwe. Tunataka mlo mmoja kwenye mgahawa wa kisasa wa Kiskoti, ile aina ya kuletewa sahani ndogondogo saba au nane alizopanga mpishi. Mama hali nguruwe wala pombe, na nyama lazima iwe halali, samaki anakula. Nianzie wapi, na msimu huo tutakula nini?

Jiko la Upanga
Mkuu, shughulikia miiko ya mama kabla ya kutafuta meza. Migahawa hii sosi na supu zake huandaliwa mapema, wakati mwingine tangu jana yake. Ukisema mkiwa mmeshakaa, watamwondolea vitu kwenye sahani na atabaki na nusu ya mlo. Andika wakati wa kubuku, kisha tuma barua pepe wiki moja kabla ili ujibiwe kwa maandishi.

"Hali nguruwe" peke yake haitoshi. Omba menyu ya samaki na mboga, halafu taja kimoja kimoja: mvinyo (sosi ya siagi inayomwagiwa samaki huanza na mvinyo mweupe), supu ya mifupa, ambayo huingia hata kwenye sahani za mboga, jelatini (hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, mara nyingi nguruwe) kwenye vitamutamu vya mwisho, na wiski kwenye kranakani, ile ya krimu, oti, asali na rasiberi. Ukiambiwa pombe yote huruka ikichemka, usikubali. Baada ya dakika 15 za kuchemka bado hubaki karibu 40%, na baada ya saa nzima kama robo.

Wengi wana vinywaji visivyo na mvinyo vya kuambatana na kila sahani, lakini kombucha huwa humo, na hiyo ni chai iliyochachushwa, ina pombe kidogo. Mama aombe juisi ya tufaha.

Msasani Pwani
Nyota wa Agosti ni grausi, ndege wa porini, jamii moja na kwale wetu. Huwindwa kuanzia tarehe 12 Agosti hadi 10 Desemba. Nyama yake nyeusi huachwa nyekundu ndani, na ladha inakaribia ini. Hupigwa kwa marisau, kwa hiyo tafuneni taratibu, chembe moja inatosha kuvunja jino. Kwa mama ndege huyu hafai, hachinjwi.

Utamu wenyewe, kwangu mimi, uko baharini. Langustini ni kamba wa maji baridi mwenye makucha membamba. Ulizeni kama ni wa mtego: hufika jikoni hai, na hilo ni muhimu kwa sababu nyama yake hulegea haraka akishakufa. Hupikwa muda mfupi sana, msidhani hajaiva mkimwona laini kuliko kamba wa soko la Feri. Skalopu, jamii ya kombe wa baharini, bora ni wale waliookotwa kwa mkono na wapiga mbizi. Wa kukokotwa kwa wavu chini ya bahari hubeba mchanga.

Chaza wa asili wa kule hawaliwi Mei hadi Agosti, wanazaa. Mtaletewa wa Pasifiki wanaofugwa, na huletwa wabichi, kwa hiyo kama mama hali kibichi, nalo liandikwe. Uyoga wa shantareli utakuwepo. Kitunguu saumu pori ni cha masika yao, msikitegemee.

Mdau wa Ilala
Nashukuru sana wakuu. Meza je?

Tabata Segerea
Agosti ni mwezi wa matamasha Edinburgh, wahi. Angalia The Kitchin ya mpishi Tom Kitchin kule Leith, eneo la bandari la Edinburgh, iliyofunguliwa 2006, au Heron na Timberyard, zilizopata nyota ya Michelin, tuzo ya migahawa bora, 2023. Kubuku meza mtandaoni kukifunguliwa saa 4 asubuhi kwao, kiangazi hiki kwetu ni saa 6 mchana. Kadi iwe imeruhusiwa malipo ya mtandaoni nje ya nchi, na laini ya simu uliyosajili benki iwe hewani: meza hushikiliwa dakika chache tu, ujumbe wa namba ya siri ukichelewa imekwenda. Soma masharti ya kughairi, wengine hukata pesa kwa kila mtu.

Tengeni saa tatu. Mkate na siagi huja mapema na ni mtamu, msiumalize. Kwenye bili tazama kama ada ya huduma imeshawekwa, mara nyingi 10% hadi 12.5%, ikiwepo, bakshishi si lazima. Na kama mtakodi gari, anayekunywa asiendeshe: tangu Desemba 2014 kiwango cha Scotland ni miligramu 50 kwa mililita 100 za damu, wakati England ni 80.