Nasumbuliwa na simu za mkopo wa mtu nisiyemjua, nifanyeje?

mshonaji_tabata

Wakuu habarini za jioni, naombeni mawazo maana nimechoka kweli. Kuna watu wa mikopo ya mtandaoni wananipigia kutwa wakimtafuta dada mmoja ambaye simjui wala sijawahi kumsikia, wanasema kakopa kwenye app yao muda wa kurejesha umepita na namba aliyoandika ni hii yangu. Laini nimenunua mwenyewe kwa wakala, nimesajili kwa alama za vidole na NIDA yangu, namba iko kwenye bango la ofisi na kwenye risiti za wateja. Mimi ni fundi cherehani, nikibadilisha namba leo watu walioniachia vitambaa vya harusi watanipataje??

Mwanzoni walikuwa wanaongea kistaarabu, namwambia kaka hii namba ni yangu huyo dada simjui, anasema sawa samahani tunaitoa, kesho anapiga mwingine kwa namba nyingine anaanza moja kama vile hakuna kilichoongelewa. Siku hizi wamehamia kwenye vitisho. Meseji ya juzi nainakili kama ilivyo, jina tu nimetoa: "WEWE MWIZI LIPA 87,000 KABLA YA SAA 8 MCHANA LEO. TUNATUMA PICHA YAKO KWA NDUGU ZAKO WOTE NA OFISI YAKO. USITULAUMU." Nilikuwa nampima mteja, simu iko mezani, mteja akaisoma. Hakusema kitu ila niliona alivyoniangalia.

Kinachonitia hofu zaidi jana aliyepiga kanitaja kwa jina langu mimi, sio la huyo dada. Wamelipata wapi? Baba watoto anasema tulipe tu hiyo 87 yaishe. Mimi naona uchungu kulipa pesa ambayo sikuila, ila pia nataka amani. Nisaidieni.

Kibaraza

Pole sana dada. Mi ningekuwa wewe ningelipa, 87,000 sio pesa ya kukukosesha usingizi na kukuharibia jina kwa wateja. Unalipa unawaambia msinipigie tena.

fundi_simu_kkoo

@Kibaraza hapana mkuu, hapo unampoteza. Akilipa mara moja wanajua hii namba inalipa, na mkopo wa zile app hauishi, leo wanakwambia 87 kesho kuna faini ya kuchelewa. Na huyo mkopaji akikopa tena kwa namba ileile wanarudi kwako.

Dada mshonaji nikueleze hiyo namba imekuaje. Laini isipotumika muda mrefu, kwa kawaida kama miezi mitatu hivi bila kuweka vocha wala kupiga, mtandao unaifunga halafu baadae unairudisha sokoni, wakala anakuuzia kama mpya. Wewe unasajili kwa kidole chako unajua ni yako tangu mwanzo kumbe kuna mtu aliitumia kabla yako, akafungulia mikopo, akaandikisha vikoba, kila mahali. Mitandao haiwaambii watu wa mikopo kwamba mwenye namba kabadilika, kwahiyo kwenye daftari lao ni yuleyule.

Kuhusu jina lako usiogope sana, hawajakuchunguza popote. Mtu yeyote akiingiza namba yako kama anataka kukutumia pesa, kabla hajaweka namba ya siri jina lililosajiliwa linatokea. Hapo ndo wamelitoa. Na hilo hilo ndilo silaha yako: akipiga mwambie "ingiza namba hii kama unatuma pesa, soma jina linalokuja, je ndiye mteja wako?" Jina halifanani na la kwenye fomu yao, hana cha kujibu.

Kitu kingine piga *106# uangalie NIDA yako imesajili laini ngapi. Ukikuta namba usiyoijua nenda duka la mtandao husika na kitambulisho waifute. Maana kuna watu wanasumbuliwa wakidhani ni laini ya zamani ya mtu kumbe kuna aliyesajili laini kwa kitambulisho chao akakopea, na hilo ni balaa jingine kabisa, hapo unaenda polisi.

nilikaa_callcenter

Nimefanya hii kazi ya kupigia wadaiwa, kampuni siitaji, kwahiyo ngoja niseme kinachotokea upande wa pili wa simu labda itakusaidia dada yangu.

Asubuhi unafungua kompyuta unakuta orodha ya namba. Deni la siku chache lina timu yake, likizidi linahamia timu nyingine yenye maneno makali zaidi, na likikaa sana linapelekwa kwa watu wa nje kabisa. Tulipokuwa sisi maelezo ya timu ya kwanza yalikuwa hayahami na deni. Yule kaka aliyekwambia "tunaitoa" inawezekana aliandika kweli kwamba namba sio ya mhusika, ila aliyepokea deni baada yake haoni hayo maandishi, anaona namba na kiasi. Na bonasi ya mpigaji inatokana na alichokusanya, hakuna anayelipwa kwa kufuta namba. Ndo maana kubishana na mpigaji ni kujichosha, hana uwezo na hana sababu.

Unachotaka kutoka kwake ni vitu viwili tu: jina la kampuni na la app, na imeili ya malalamiko. Akikataa kutaja kampuni, kata simu, huyo anaweza kuwa tapeli tu aliyenunua orodha ya namba. Wapo wengi, wanakwambia utume kwenye namba ya mtu binafsi. Hao namba zao tuma kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Ukipata imeili andika fupi: namba hii imesajiliwa kwa jina langu, natumia tangu mwezi fulani, mkopaji simfahamu, sijawahi kukopa kwenu, naomba muiondoe kwenye kumbukumbu zote pamoja na za mawakala wenu wa kukusanya, mnijibu kwa maandishi. Ambatanisha skrinshoti za meseji na orodha ya simu zilizopigwa. Watakwambia tutumie picha ya kitambulisho ili tuhakiki. USITUME. Usiwape namba ya NIDA, usiwape tarehe ya kuzaliwa, usiwape namba yoyote inayokuja kwa meseji. Mtu anayekudai kimakosa hana haja ya kitambulisho chako, na ukimpa umempa vifaa vya kukufungulia mkopo wa kweli.

mshonaji_tabata

Asanteni sana jamani. @nilikaa_callcenter hapo kwenye kitambulisho umeniokoa maana leo mchana mmoja kasema nimtumie NIDA whatsapp "wanifute kwenye mfumo" na nilikuwa nasubiri niwahi nyumbani nipige picha.

dogo_wa_makambako

Mimi yangu inafanana lakini sio hiyo. Kuna jamaa tulifanya naye kazi zamani kakopa kwenye app, ile app ilimuomba ruhusa ya kuona majina yote kwenye simu akabonyeza kubali, basi alipochelewa wakaanza kutupigia sisi wote. Mimi nikaambiwa ni MDHAMINI wake. Mdhamini gani jamani sijasaini popote sijaulizwa? Bosi wangu naye kapigiwa. Wametengeneza na grupu la whatsapp wametuweka watu kibao na picha ya jamaa imeandikwa anatafutwa. Nimetoka kwenye grupu wakanirudisha. Na jamaa mwenyewe simu hapatikani, ninavyosikia kajifungia ndani kwa aibu.

binti_wa_sheria

Nimesomea sheria, hapa naongea kama mwanajamvi. Nianze na @dogo_wa_makambako, udhamini ni mkataba, hauwezi kuwa mdhamini kwa sababu namba yako ilikutwa kwenye simu ya mtu. Bila wewe kukubali hakuna kitu. Waulize: onyesheni nilipokubali. Hawana.

Sasa kwa wote wawili. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023, na kuna Tume yake, PDPC, inayopokea malalamiko ya watu wa kawaida. Namba yako ya simu na jina lako ni taarifa binafsi. Mtu hakuomba, hukumpa, anazitumia kukutisha, na ukimwambia sio sahihi harekebishi. Hiyo ni hoja kamili ya kulalamika. Ndo maana ile imeili aliyosema ndugu hapo juu ina thamani, unakwenda Tume ukiwa na ushahidi kwamba uliwaambia wakapuuza.

Pili Benki Kuu, yaani BoT. Mkopeshaji yeyote wa namna hii lazima awe na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Agosti 2024 BoT ilitoa mwongozo wa wakopeshaji wa kidijitali, unagusa riba, uwazi, namna ya kudai na faragha ya mteja, na Novemba mwaka huohuo ikatangaza hadharani orodha ya app na majukwaa 69 yanayokopesha bila kibali. Angalieni jina la app yenu kama limo. Kama limo, malalamiko yako hayahusu simu peke yake tena, unaripoti biashara isiyo na leseni.

Na kwa zile meseji za mwizi sijui tunatuma picha, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 23 kinamgusa mtu anayetuma ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kutisha, kusumbua au kumuumiza mwenzake kihisia. Usifute meseji hata moja hata kama inakuuma kuiona. Polisi watataka kuiona kwenye simu yenyewe.

Yule jamaa aliyejifungia ndani naye mwambieni ana haki zake. Kudaiwa ni kweli anadaiwa, ila hakuna deni linaloruhusu kumuanika mtu kwenye grupu na picha. Mtu anaweza kujidhuru kwa aibu ya namna hiyo, nendeni mkamuone.

wa_umoja

Niko Nairobi, huku tulisumbuliwa sana na hizi app hadi serikali ikaamka. Tangu kanuni za CBK, Benki Kuu ya Kenya, za 2022 mkopeshaji wa kidijitali haruhusiwi kupigia watu kwenye contacts zako wala kutukana wala kuaibisha mtu. Na kuna ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, hiyo ndio ina meno. Septemba 2023 ilipiga faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kampuni moja yenye app za mikopo, shida ilikuwa hiyohiyo, kutumia majina na namba za watu wengine kutisha. Waliolalamika walikuwa wananchi wa kawaida tu. Kwa hivyo dada usione kama kuandika ni kazi bure, andika.

Kibaraza

Nimesoma yote, nakubali ushauri wa kulipa haukuwa mzuri. Ila swali, akiwablok wote si inatosha?

fundi_simu_kkoo

Wanabadilisha namba kila siku mkuu. Na yeye ni mfanyabiashara, hawezi kuacha kupokea namba ngeni. Kublok ifanye baada ya kuhifadhi ushahidi, sio badala yake.

mshonaji_tabata

Nimerudi wakuu. Leo asubuhi kapiga mmoja nikamwambia ingiza namba kama unatuma pesa usome jina. Akanyamaza, nikamsikia anaongea na mwenzake, akarudi akasema "ni kweli jina sio hili". Nikamuomba imeili akanipa. Nimeandika na nimeambatanisha kila kitu, kitambulisho sijatuma. *106# iko sawa, ina laini zangu mbili tu. Jina la app nimelikuta kwenye ile orodha ya 69 kwahiyo BoT naandika leo usiku, na Tume nitajaza wasiponijibu. @binti_wa_sheria meseji zimeandikwa kwa jina la yule dada, bado zinahesabika kama nimetishwa mimi?

binti_wa_sheria

Zinahesabika, zimekuja kwenye simu yako na aliyetuma alishaambiwa kwamba mwenye namba ni wewe. Kwenye maelezo yako weka tarehe uliyowaambia mara ya kwanza na namba iliyopiga siku hiyo, halafu panga meseji zilizofuata baada ya hapo. Na ile iliyosomwa na mteja muulize kama atakubali kuandika aliyoyaona.

mshonaji_tabata

Anakuja Jumamosi kuchukua gauni lake, nitamuuliza.