Naomba ushauri: kutandika mbao za tabaka juu ya sakafu ya zamani

Ndugu wanajamvi, ninaishi ghorofani katika nyumba ya zamani iliyogawanywa kwa familia kadhaa, nami nakusudia kutandika mbao za tabaka (zilizoundwa kwa tabaka za mbao zilizogandishwa pamoja) zenye unene wa milimita 14 juu ya sakafu ya mbao ya awali, ambayo imebonyea katikati kiasi kwamba rula ndefu ikilazwa, kidole changu kinapita chini yake. Fundi mmoja anataka tupigilie plaiwudi kwanza; mwingine anasema mbao zielee, yaani zilazwe tu bila kupigiliwa wala kugundishwa sakafuni, juu ya mkeka wa kupunguza sauti, na mimi naegemea kwake, kwani jirani wa chini husikia kila hatua. Je, mkeka utastahimili bonde hilo, au ni lazima kusawazisha kwanza? Na pengo la milimita 10 linaloachwa kandokando ya kuta ili mbao zipate nafasi ya kutanuka, nilifiche vipi bila kung'oa mbao za kale za urembo zilizo chini ya kuta, ambazo nazithamini sana?