Kuwapeleka watoto Disney mara ya kwanza, na bibi yao yupo: mnanishauri nini?

Kutoka: Mama Lusajo, Columbus, Ohio

Wanakwetu, hamjambo? Wakubwa shikamooni.

Mimi na baba watoto tumeahidi Disney, ile ya Orlando, Florida, mpaka ahadi imeota ndevu. Mkubwa ana miaka 9, wa kati 6, kitindamimba anatimiza 3 Novemba. Na mama yupo nasi, amekuja kutoka Tukuyu, kurudi ni Oktoba. Magoti yanamsumbua na ana presha, lakini si mtu wa kubaki nyumbani wenzake wakitoka. Shemeji yenu ni mtu wa Iringa, msimamo wake mnaujua: hela yote hiyo ukasimame foleni?

Nimefungua tovuti yao nikafunga. Kila tarehe ina bei yake, kila kitu kina jina lake, halafu kuna foleni ya kulipia ndani ya kiwanja ambacho umeshalipia kuingia. Tuna wiki moja mwezi Agosti kabla shule za huku hazijafunguliwa, na bajeti ya watu wa zamu za usiku. Mngeanzia wapi? Na mama twende naye, au ni kumtesa?

Kutoka: Baba Atu, Houston

Dada, mama mwende naye. Ukimwacha utashinda kwenye simu siku nzima ukiuliza kama amekula.

La kwangu ni moja tu, tiketi. Kwenye makundi ya WhatsApp utakuta mtu anauza "siku zilizobaki" baada ya familia yake kuondoka. Usiguse. Tiketi ya Disney ni ya mtu mmoja, getini wanachukua alama ya kidole siku ya kwanza na kuilinganisha siku zinazofuata, na sheria ya Florida yenyewe inakataza kuuza tiketi ambayo imeshatumika baadhi ya siku. Utakuwa umemlipa huyo, na bado utanunua nyingine palepale getini na watoto wanalia.

Kutoka: Mzee wa Forest Mpya, Mbeya

Marahaba mwanangu, na pole na zamu.

Nakuandikia nimejifunga blanketi, baridi ya Julai imetushika. Naitaja makusudi, kwa sababu mama yako ametoka kwenye ukungu wa Tukuyu, na joto la Orlando mwezi Agosti ni habari nyingine. Mwambie ni Kyela ya Desemba bila upepo wa ziwa, ataelewa haraka. Kwa hiyo kabla ya kuongelea Mickey: je, ana bima? Mzazi aliyekuja kwa viza ya matembezi hana bima ya Marekani mpaka mmnunulie ile ya wageni, na hapo soma vizuri kama wanalipia ugonjwa aliokuja nao. Dawa za presha zikae kwenye begi mnalotembea nalo, zisiachwe kwenye gari, jua la kule linachemsha gari. Mkienda kwa barabara, abebe pasipoti yake pamoja na nakala ya ile fomu ya I-94, rekodi yake ya kuingia Marekani. Mtavuka majimbo mengi.

Nilipokuwa Kissimmee, mji jirani na Disney, niliendesha basi la wageni, asubuhi nawapeleka, usiku nawarudisha. Nimeona familia zikishuka zinaimba na kupanda zimenuniana, baba kambeba mtoto aliyelala, mama kabeba viatu. Wengi walikuwa wamepanga kwa kuhesabu viwanja: viko vinne, tuna siku nne, tumalize vyote. Anayepanga hivyo anasahau miguu. Ndani ya kiwanja kimoja kilomita 10 kwa siku si ajabu, na eneo lote la Disney pale ni takriban kilomita za mraba 100. Wewe una miguu ya miaka 2 na magoti ya mtu mzima. Hao wawili ndio wenye ratiba, wengine mnafuata.

Viwanja vyenyewe: Magic Kingdom ndicho cha kwanza, 1971, chenye ile ngome ya kwenye picha. EPCOT 1982, kizuri kwa watu wazima wanaopenda kula na kuzurura. Hollywood Studios 1989, kwa watoto wakubwa wa mbio. Animal Kingdom 1998. Kwa familia yako ningenunua siku mbili tu, Magic Kingdom na Animal Kingdom, na katikati siku nzima ya kulala na kuogelea. Watoto watakumbuka bwawa kuliko unavyodhani.

Bei. Chini ya miaka 3 haingii kwenye hesabu, anaingia bure, ndiyo maana nakwambia Agosti ni sahihi na Novemba umechelewa. Miaka 3 hadi 9 ni tiketi ya mtoto, 10 na kuendelea ni mtu mzima, ila tofauti ya hizo mbili ni ndogo, usihangaike nayo. Mtu mmoja siku moja ni zaidi ya dola 100, na tarehe ndiyo inayopandisha: Krismasi, Pasaka na likizo fupi za Machi ni moto. Shule nyingi za Florida hufunguliwa karibu tarehe 10 Agosti, kwa hiyo wiki ya pili au ya tatu wenyeji wamesharudi madarasani na bei hushuka kidogo. Kidogo, nimesema.

Siku ya Magic Kingdom, ukienda na gari lako, ujue hapo unapoegesha si getini. Unaacha gari kwenye kituo kikubwa, unakaguliwa, kisha unapanda treni ya reli moja au kivuko cha kuvuka ziwa. Jipe karibu saa nzima toka gari mpaka geti. Kiti cha magurudumu cha mama mkodishe mapema, wanaowahi ndio wanaopata, na hata akisema hakihitaji kodisheni tu, kitabeba begi mpaka saa tano, baada ya hapo atakaa mwenyewe. Kisiwape tamaa ya kuruka foleni lakini, kwenye michezo mingi mtapanga mstari nacho.

Huyo wa miaka 6 mpimeni ukutani nyumbani, na viatu vyake. Seven Dwarfs Mine Train wanataka sentimita 97, Space Mountain 112. Mtoto aliyeambiwa hapana mlangoni baada ya dakika 50 za foleni, sikutakii. Kwa mchezo ambao kitindamimba haruhusiwi kuna utaratibu wao unaitwa Rider Switch: mwambie mhudumu wa mlangoni kabla ya kuingia, mzazi mmoja anabaki na mdogo, mwingine anaingia na wakubwa, akitoka wanabadilishana bila kupanga foleni upya. Ni bure. Ajabu ni watu wengi hawauliziagi.

Mama yako mpandishe treni inayozunguka kiwanja. Vile vichwa ni vya mvuke kweli, viliundwa Marekani kati ya 1916 na 1928 vikafanya kazi Mexico, kwenye rasi ya Yucatán, kabla ya kununuliwa na kufufuliwa. Unakaa kivulini, upepo unapita, filimbi inalia. Kama amewahi kupanda TAZARA atakuwa na maoni yake.

Kuhusu zile foleni za kulipia, Lightning Lane: lipieni Magic Kingdom siku hiyo moja tu, au msilipie kabisa kama mtakuwa getini nusu saa kabla hapajafunguliwa. Waliolala hoteli za Disney wanaruhusiwa kuziwekea nafasi siku 7 kabla, wa nje siku 3. Animal Kingdom siwezi kukushauri ulipie, mkiwahi asubuhi mtaona karibu kila kitu kabla ya chakula cha mchana, na safari ya wanyama asubuhi ndiyo yenyewe, jua likipanda simba wanalala.

Na shemeji wa Iringa mwambieni asinune. Ndani ya hicho kiwanja wamejenga mji mzima wa kubuni unaoitwa Harambe, vibao kwa Kiswahili, kuta zimechakazwa makusudi zionekane za zamani, na safari yenyewe inaitwa Kilimanjaro Safaris. Atasema hifadhi ya Ruaha iko kilomita 130 hivi kutoka mlangoni kwao, na ana haki. Mwacheni aseme mara moja, kisha anunue aiskrimu.

Kutoka: Da' Mnyalukolo, Minneapolis

Kamwene! Mzee amemaliza mengi, mimi naongezea malazi na chakula, maana hapo ndipo hela huvujia.

Kwa watu sita tafuteni nyumba yenye jiko upande wa Kissimmee au Davenport. Vyumba vitatu na bwawa dogo nyuma, ukigawa kwa vichwa unakuta umeshinda vyumba viwili vya hoteli. Hoteli nyingi za nje zina ada ya huduma ya kila siku na ada ya kuegesha gari juu ya bei ya chumba, kwa hiyo nenda mpaka ukurasa wa mwisho kabla hujafurahi. Sawa, hoteli za Disney zina raha zao, mnaingia viwanjani nusu saa kabla ya wengine na kuegesha viwanjani ni bure, wakati wa nje analipa dola 30 au zaidi kwa siku. Lakini huwezi kusonga ugali kwenye hoteli yao kama All-Star Movies.

Na chakula unaruhusiwa kuingia nacho! Hili watu hawaliamini. Marufuku ni vyombo vya glasi, pombe na barafu iliyomwagwa tu kwenye boksi, weka vile vibarafu vya kugandisha kwenye pakiti. Sisi tunabeba chapati, mayai ya kuchemsha, matunda, na chumvi kidogo kwa ajili ya jasho. Maji ya baridi omba kwenye vibanda vya chakula, vile vya huduma ya haraka, wanakupa kikombe bure. Mlo mmoja nunueni huko ndani, ili watoto wasijione wako kwenye msiba.

Mvua: Agosti inakuja mchana karibu kila siku, radi kubwa, michezo ya nje inasimama. Makoti ya mvua nunueni dukani kabla, ya ndani yana bei ya ajabu. Huo pia ni msimu wa vimbunga, unaanza 1 Juni hadi 30 Novemba, kwa hiyo nyumba iwe ya kurudishiwa hela mkiahirisha.

Jambo la mwisho. Mtu akikusimamisha barabarani au dukani na "tiketi za bure", hizo si za bure. Anakutaka ukae kwenye kikao cha saa mbili uuziwe wiki za kumiliki nyumba ya likizo maisha yako yote. Binamu yangu alitoka na mkataba. Bado analipa.

Kutoka: Mama mdogo wa Lusajo, Uyole

Dada, Lusajo ameshamwambia bibi yake, na bibi ameshanipigia mimi, kwa hiyo huku hakuna siri. Ameuliza kama avae kitenge au suruali. Nimemwambia kitenge chepesi na raba, na kofia ya kanisani aiache.

Wewe humwoni kwa vile mko naye kila siku: mama hasemi amechoka. Anasema "twendeni tu" huku anatoa kisigino kwenye kiatu. Ukiona kisigino kiko nje, tafuta benchi, usimwulize.

Na picha. Mnajua huku zikifika kinachofuata. Mtu anapigwa picha na ngome nyuma yake asubuhi, mchana anaombwa mabati. Sisi si wabaya, ila mtu akiona ngome anadhani na hela ipo. Ada ya Januari ya watoto wa kaka kama mlipanga kuituma, semeni mapema kwamba ipo palepale, mjomba atulie, ndipo mtume picha. Au wekeni mkisharudi kazini. Mimi nitumieni ya mama kwenye treni, siirushi popote.

Kutoka: Mama Lusajo, Columbus, Ohio

Ndaga fijo wote. Mzee, blanketi lisikutoke.

Tumekaa jana usiku tukakubaliana: wiki ya pili ya Agosti, siku mbili za viwanja na moja ya bwawa katikati. Wa kati amepimwa, ana 114 na viatu, amezunguka nyumba nzima akitangaza. Baba watoto amekubali kuendesha, saa 14 au 15, tutalala njiani Georgia kwa ajili ya magoti ya mama. Kuhusu Harambe amesema atatoa maoni yake akiwa palepale, kwa sauti.

Bima ya mama nimepata mbili za kulinganisha, moja haigusi presha kabisa na nyingine inalipia hali ikibadilika ghafla tu. Kama kuna aliyewahi kudai malipo kwa mzazi mwenye presha na akalipwa, aniandikie pembeni kabla ya Ijumaa, ndiyo siku mshahara unaingia na ndipo nalipia vyote. Da' Mnyalukolo, na ile nyumba ya Davenport yenye bwawa, kama namba ya mwenyewe unayo nitumie. Kisha niambie kama jiko lake lina sufuria ya maana au nibebe ya kwangu.