Naomba ushauri: kufuta faini za mikopo ya chama iliyokwama wakati wa kafyu

Habari zenu ndugu. Chama cha wafanyabiashara wadogo hapa Mombasa kina faini za mikopo iliyochelewa tangu 2020. Pendekezo lililopo ni kufuta asilimia 50 kwa kila mtu. Hiyo si haki hata kidogo.

Kafyu ya corona iliyoanza Machi 27, 2020 ilikuwa ya saa 1 usiku hadi saa 11 alfajiri. Wateja wa duka la unga na sabuni walihamia mchana tu. Muuza samaki wa kukaanga huwasha jiko saa 10 jioni, na wateja humiminika baada ya magharibi. Saa 11 na nusu ilimbidi azime moto awahi nyumbani, samaki bado wamo kwenye beseni, barafu inayeyuka, mafuta yameshachemka. Mauzo yake hayakuhama, yalikufa. Hata kodi ya ongezeko la thamani (VAT) iliposhuka kutoka asilimia 16 hadi 14, mfanyabiashara asiyesajiliwa kwa kodi hiyo hakupata nafuu ya moja kwa moja.

Wazo langu: tuchukue mauzo ya Januari na Februari 2020, tuone sehemu iliyouzwa baada ya saa 12 jioni, na hiyo iwe asilimia ya msamaha. Tatizo, madaftari mengi yana jumla ya siku tu. Taarifa za M-Pesa zinaonyesha saa, lakini pesa taslimu hazimo.

Je, uwiano wa saa za M-Pesa unatosha kukadiria taslimu? Na Ramadhani, iliyoangukia Aprili na Mei, tuihesabu kivyake? Waliowahi kupiga hesabu kama hizi, tafadhali nielekezeni.